Mnyama Niliyeapa Kwamba Nimemwona

Sitakuapia kwamba haya ni kweli. Kuapa ndiko kuliniponza. Nitakusimulia tu yalivyotokea, na ukitaka kucheka, cheka. Wengi wamecheka kabla yako, kisha wakanyamaza kabla sijafika mwisho. Mimi si mchawi. Si mlevi pia, ingawa nimekunywa lutuku ya kutosha maishani mwangu. Wala si mwongo, ila kwa uongo mmoja, na huo ndio ninaokuja nao.

Nilikuwa mchimbaji wa mikono huko Kolwezi, kwenye mashimo ya watu wasio na kampuni, ng'ambo ya mgodi wa Mashamba. Wenzangu waliniita Profesa. Nilikuwa nimefika mwaka wa nne wa sekondari kabla baba hajafa, na Kifaransa changu kilikuwa kizuri, au tuseme kilikuwa kirefu. Mtu akiletewa karatasi ya ofisi, aliniletea mimi. Mtu akitaka kumwandikia mchumba ujumbe wa kumlainisha, alipitia kwangu. Wapo wanaopenda pombe, wapo wanaopenda wanawake. Mimi, niamini, nilipenda kuitwa Profesa mbele za watu.

Lazima nikueleze kwanza habari ya majina, la sivyo hutaelewa. Shimoni hatutumii jina ulilopewa na mama yako, kwa maana ardhi ikilijua itakushika. Kila mgeni hupewa jina la shimo siku yake ya tatu, na jina hilo huwa la kitu: Kamion, yaani lori, Radio, Mamba. Anayelitoa lazima awe amekiona kitu hicho. Huchota udongo mwekundu pale mdomoni mwa shimo, huulamba mbele ya wenzake na kusema, "Mi niliona na macho yangu." Kwa nini? Kwa sababu kitu ambacho hakuna aliyekiona kinaweza kuja chenyewe kutazama ni nani anayetembea na jina lake. Tena wanasema ukilamba udongo kwa uongo mara ya kwanza, ardhi inakuangalia. Mara ya pili inakufunga mdomo moja kwa moja.

Kuna sharti jingine. Aliyekupa jina ndiye mwenye kukufuata ukikwama chini. Taa ikizimika, unamwita yeye, naye hana ruhusa ya kukataa.

Mkubwa wa shimo letu alikuwa Tata Chuma, tata kwetu ni baba, mtu wa makamo, mkavu, asiyependa maneno mengi. Chini yake tulikuwa mimi na Kamion, kijana wa Kasai mwenye mabega ya kubeba mifuko miwili ya madini kwa safari moja, na wengine wawili ambao hawana kazi katika kisa hiki. Ndipo akaja Kapend.

Kapend alitoka Mutshatsha. Kwao ni wachoma makala, yaani makaa. Mama yake alikuwa mjane, na yeye ndiye mtoto wake wa pekee. Alikuwa mnene kidogo, mpole, mwepesi wa kugawa. Mama yake akimtumia asali, chupa ilimaliza mzunguko wa watu wote kabla haijarudi kwake. Ila alikuwa akilala. Ee, alikuwa akilala! Tukipumzika dakika kumi, yeye dakika tisa yuko usingizini, amejikunja, mikono kifuani, kidevu magotini. Alitueleza sababu: tanuri la makala halitaki kuachwa usiku, likipata upepo linawaka moto wote na kazi ya wiki inakuwa majivu. Kwa hiyo mchoma makala hujifunza kuiba usingizi kidogo kidogo, popote alipo. Haukuwa uvivu. Kapend alichimba kama mtu mwingine yeyote. Lakini nani alitaka kujua hayo? Tulikuwa tumepata wa kumcheka.

Siku ya tatu tulikaa mdomoni mwa shimo, na yeye katikati yetu, analala. Kamion alitaka kumwita Kitanda. Mimi nikaona hilo ni jina la watu wasiosoma. Nikakumbuka mwalimu wetu wa Kifaransa, mtu wa fimbo, aliyekuwa akimwambia kila anayesinzia kwamba analala kama *loir*. Tulipomuuliza hilo loir ni kitu gani, alituchorea ubaoni kiazi chenye mkia, akasema ni panya mkubwa wa Ulaya, wa msituni, mkia wake wa manyoya kama wa kindi, naye hulala miezi saba kila mwaka. Ndiyo tu niliyoyajua. Kwetu hakuna aliyewahi kumwona mnyama huyo, na katika Kiswahili chetu hakuna neno lake.

"Loir," nikasema.

"Njo kintu gani ile?" Kamion akauliza.

"Nyama ya Bulaya. Panya mukubwa. Inalala myezi saba, inalamuka tu juu ya kula."

Walicheka hadi wakashika matumbo. Kapend aliamka kwa kelele, akauliza tunacheka nini, akaambiwa, naye akacheka. Alifurahi kupata jina la Kifaransa, maskini. Tata Chuma peke yake hakucheka.

"Profesa," akasema, "ile nyama ulisha kuiona?"

Unaona? Njia ilikuwa wazi. Ningesema hapana, tungemwita Kitanda, na leo Kapend angekuwa na watoto. Lakini wote walikuwa wananitazama, na mimi ndiye Profesa.

"Niliiona, tata. Kwa bamapadri, mu sanduku ya vioo. Ilikauka."

"Na macho yako?"

"Na macho yangu."

"Basi lamba."

Nikachota udongo, nikalamba. Ulikuwa na ladha ya kutu. Nikasema maneno.

Tangu siku hiyo tulimtesa vizuri. Sitajipaka mafuta: mimi nilikuwa mbele. Tulimmwagia maji masikioni akiwa amelala. Tulimfunga miguu kwa kamba kisha tukapiga kelele kwamba shimo linaanguka, tukamtazama akigaagaa. Siku moja nilimtia panya wa pori mzima ndani ya shati, nikamwambia amsalimie ndugu yake. Alilia siku ile. Halafu jioni alikuja kuniomba nimfundishe kuandika jina la mama yake. Nikamwambia panya haandiki.

Sasa sikiliza kilichotokea mwezi wa pili. Watu hupenda visa hivi viwe vya usiku wa manane. Hiki kilikuwa saa sita mchana, jua liko utosini, wanawake wanauza bukari, ugali wetu, na samaki pale juu. Tulikuwa tumepanda kula. Tata Chuma akahesabu vichwa, na Loir hayupo.

"Uko analala kule chini," Kamion akasema.

"Profesa, mufuate," Tata Chuma akasema.

Nikashuka nikinung'unika. Shimo letu lilikuwa refu kama minazi miwili, na chini yake kulikuwa na njia moja nyembamba ya kutambaa. Nilikuwa na tochi kichwani na kopo la maji la kummwagia. Nilipoingia ile njia nilisikia harufu isiyokuwa ya pale. Chini kule kunanuka jasho, udongo na betri. Hii ilikuwa harufu ya majani makavu na ya karanga mbichi zikitafunwa. Nikasikia na kutafuna kwenyewe, polepole, kama mtu asiye na haraka.

Nikamwona Kapend. Alikuwa amejikunja kama kawaida yake, mikono kifuani. Shingoni alikuwa amezungushiwa kitu kama skafu ya manyoya ya kijivu. Nikafuata ile skafu kwa mwanga wa tochi, nikaona inakwenda nyuma yake, na mwisho wake alikuwa amekaa mtu.

Nasema mtu kwa sababu alikuwa amekaa kama mtu. Alikuwa mzee mfupi, mnene sana, amevaa koti la kijivu, na koti hilo halikuwa na vifungo wala mshono, lilikuwa limeota. Kuzunguka macho yake kulikuwa na weusi wa masizi. Macho yenyewe yalikuwa makubwa, meusi tupu, hayana weupe. Masharubu yake yaligusa kuta zote mbili za ile njia. Alikuwa ameshika kokwa fulani kwa mikono miwili, na kila mkono ulikuwa na vidole vinne vya waridi, visafi, kama vya mtoto mchanga. Ile skafu ilikuwa mkia wake.

Je, nilikimbia? Ungekimbia wewe? Nilibaki pale nilipopiga magoti. Maji ya kopo yalinimwagikia tumboni na hata sikuyasikia.

"Tata Profesa," akasema, kwa Kiswahili chetu hiki hiki, kwa sauti nyembamba ya heshima. "Mi minakuya kukusalimia. Banasema ulisha kuniona."

Nikabaki kumulika vile vidole vyake.

"Uliniona wapi?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamdanganya hata yeye. "Kwa bamapadri."

"Mi sikufikaka kwa bamapadri." Akatafuna kidogo. "Kwetu bantu banatukamata, banatuweka mu chungu ya giza, banatunenepesha, kisha banatukula. Ni bantu babaya. Lakini banatuonaka mbele ya kutukula. Weye unakamata jina yangu, unapatia ule muntu, unamucheka nayo, na macho yako haikunionaka hata siku moya. Sasa niangalie. Niangalie muzuri."

Nikamwangalia. Sikuweza kufumba macho. Hadi leo naweza kukuhesabia kila unywele.

Kisha akaniambia sharti lake, na alilisema polepole ili nisije nikasema sikuelewa. Kapend ana jina lake, kwa hiyo atalala usingizi wake. Siku nitakayosimama mbele ya wenzangu na kusema nilimpa Kapend jina kabla ya kumwona, siku hiyo hiyo na saa hiyo hiyo Kapend ataamka. Nisiposema, atazidi kuzama.

"Atakuwa baridi sawa udongo," akasema. "Moyo yake itapiga moya, utangoja sana, itapiga tena. Bantu batazania alisha kufa. Njo vile mi nalalaka, chini, mu udongo. Lakini mi minayua kutoka. Uyu hayui. Basi useme mbio, Tata Profesa. Ni neno moya tu."

Akaondoa mkia wake shingoni mwa Kapend taratibu, kama mama anayemfunua mtoto, akageuka, akaingia ndani ya ukuta mahali ambapo hapakuwa na tundu.

Nilipiga kelele. Kamion akashuka, tukamfunga Kapend kamba kifuani, tukamvuta juu. Alikuwa na joto, anapumua vizuri, ana tabasamu. Tukampiga makofi, tukammwagia maji. Hakuamka.

Tata Chuma akaniuliza mbele ya wote, "Uliona nini kule chini?"

Neno moja tu. Lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Lakini unajua wanavyomfanya aliyelamba udongo kwa uongo? Wanamvua nguo, wanampaka matope kichwani, wanamtembeza mashimo yote, na tangu hapo hakuna kamba itakayomshusha wala mkono utakaompandisha. Na watoto wanaimba nyuma yake. Nikawaza: Profesa, uchi, matope kichwani! Nikajiambia nitasema kesho, Kapend amelala tu, usingizi hauui.

"Sikuona kintu," nikasema.

Tulimpeleka kwenye chumba alichokuwa amepanga, na mama yake akaja kwa treni kutoka Mutshatsha. Mwanamke mdogo wa mwili, mikono imekomaa kwa makala. Hakulia. Aliketi kando ya mkeka na kumpepea. Nilikwenda kumsalimia siku ya pili, nikiwa nimejiambia kwamba leo nasema. Akanishika mikono yote miwili.

"Weye njo Tata Profesa? Mutoto yangu alinisemea mu telefone, ulimupatia jina ya Kifaransa. Alifurahi sana. Tata, ile jina maana yake nini?"

Ungemjibu nini? Nikamwambia maana yake ni mtu hodari. Akamwinamia mwanawe sikioni, akamwita, "Loir, hodari yangu, lamuka." Akamwita hivyo siku zote, asubuhi na jioni, akidhani jina hilo zuri litamvuta. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikimsikia.

Alikuja muuguzi akamtundikia maji, akasema haoni ugonjwa. Alikuja mchungaji akaomba. Mimi pia niliomba, niliomba kwa sauti kubwa kuliko wote. Kila siku nilijiambia kesho. Siku ya nane Kapend akawa baridi. Muuguzi akashika mkono, akasikiliza kifua, akatikisa kichwa. Mama akapiga yowe moja, na nyumba nzima ikalipokea.

Mimi nilingoja watu watoke nje kupanga habari za kilio, nikaweka sikio langu kifuani mwake. Nikangoja. Nikangoja sana. Ukapiga mara moja.

Nilisikia, ndugu yangu. Sitakuficha. Nilisikia, nikainuka, nikatoka nje, nikasaidia kupanga viti. Kwa sababu sasa haikuwa tena aibu ya kusema nilidanganya jina. Sasa wangeniuliza: siku nane ulikuwa unajua, ulikuwa wapi? Uongo ni kama shimo lisilo na nguzo, kila siku unayongoja linakuwa refu zaidi. Nilibeba jeneza upande wa kichwa. Nilitupa udongo kama wengine. Mama Kapend akanishukuru kwa kuwa rafiki wa mwanawe.

Nikajifariji hivi: nikikaa kimya, hataamka kamwe. Atalala na kumalizikia humo humo usingizini, bila kujua lolote. Kunyamaza kwangu sasa ni huruma. Unaona mtu anavyoweza kuupindua moyo wake? Kama ningenyamaza hadi leo, pengine kweli ingekuwa huruma.

Lakini siku ya tatu baada ya maziko huwa tunarudisha jina. Jina la aliyekufa haliwezi kuachwa shimoni likizurura. Wachimbaji wanakusanyika mdomoni mwa shimo, na aliyelitoa analamba udongo tena, anasema, "Jina hii niliona na macho yangu mbele ya kuitoa, minairudisha." Nilikuwa nimelisahau kabisa jambo hilo, kwa sababu tangu nijiunge nao hakuna aliyekuwa amekufa shimoni kwetu. Tata Chuma alininyooshea kiganja chenye udongo.

"Lamba, Profesa."

Nikakumbuka: mara ya kwanza ardhi inakuangalia, mara ya pili inakufunga mdomo. Na mimi nilijua, kuliko mtu yeyote pale, kwamba mambo haya si hadithi za wazee. Nilikuwa nimemwona yule mzee. Niliona kifo changu mle kiganjani. Nikaogopa kama mbwa, na ili nijiokoe mimi, nikasema kweli.

"Siwezi kulamba, tata. Sikuiona. Mbele ya kutoa ile jina, sikuionaka ile nyama hata siku moya. Nilibeya, nilidanganya."

Kamion alikuwa ameanza kunijia. Ndipo maneno yangu mwenyewe yakanirudia masikioni, na nikaelewa nimefanya nini. Siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo.

"Alilamuka!" nikapiga yowe. "Loir alilamuka sasa! Tukimbie, alilamuka mu kaburi!"

Wangeweza kuniona mwendawazimu. Lakini niliwatapikia yote pale pale, yule mzee, sharti, moyo uliopiga sikioni mwangu, na wachimbaji ni watu wanaojua kwamba chini kuna mambo. Tata Chuma hakuuliza swali. Alichukua sepetu yake, akaita pikipiki tatu, tukaenda mbio hadi makaburini. Ilikuwa asubuhi, watu wanakwenda sokoni. Njia ile sikuwahi kuiona ndefu hivyo.

Tata Chuma alilala kifudifudi juu ya kaburi, akaweka sikio. Akainua mkono tunyamaze. Na hapo tukasikia wote, hata mimi niliyekuwa nimesimama. Alikuwa anagonga. Na alikuwa anaita. Alikuwa ameamka gizani, kwenye nafasi nyembamba, amezungukwa na udongo, na akadhani yuko kazini. Alikuwa ananiita mimi.

"Profesa! Niko uku! Profesa, unifuate!"

Hakuna watu duniani wanaochimba haraka kama sisi. Ni kazi yetu. Kamion alichimba kwa sepetu hadi ikavunjika mpini, akaendelea kwa mikono. Mimi nilichimba huku nikimjibu, "Minakuya! Minakuya, Kapend!" Kwa mara ya kwanza nilimwita kwa jina alilopewa na mama yake, sikujali ardhi. Shimo lilipotufika kiunoni, sauti ilikuwa imekatika, anagonga tu. Lilipotufika kifuani, aligonga mara mbili. Kisha hakugonga tena.

Tukafungua. Alikuwa amegeuka kifudifudi. Mikono yake sitakueleza. Mwili ulikuwa na joto, joto la mtu aliyetoka kukimbia, na macho yalikuwa wazi. Kamion alimpulizia pumzi mdomoni hadi yeye mwenyewe akaanguka. Nilikuwa nimemwamsha, nikamuua, kwa neno moja.

Nilipoinua kichwa, mama yake alikuwa amesimama ukingoni. Mtu alikuwa amemkimbilia kumwambia. Alitazama ndani ya kaburi muda mrefu.

"Alilamuka?" akauliza.

Tata Chuma alikuwa amejifunika uso kwa kofia.

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Aliita nani?"

"Aliniita mi."

"Mbele tumuzike, ulikuwa unayua eko muzima?"

"Nilikuwa minayua, mama."

Kamion aliinua nusu ya mpini uliovunjika, na mimi nikainamisha kichwa nipigwe. Nakuambia kweli, nilitaka. Mama Kapend ndiye aliyemzuia.

"Muache," akasema. "Musimuuwe. Akikufa atanyamaza, na anapenda kunyamaza. Aishi. Kila muntu wa kwetu atapita, amuulize, na yeye aseme yote."

Tukamzika Kapend mara ya pili. Safari hii mimi sikuruhusiwa kugusa udongo.

Siku hizi niko Fungurume, nasafisha malori yanayosimama barabarani. Shimoni siwezi kurudi, na hata ningeruhusiwa nisingeweza: nikiingia mahali penye giza, hata chooni, nasikia mtu ananiita nimfuate, na najibu kwa sauti kubwa, watu wanacheka. Sijalala usiku mmoja mzima tangu wakati huo. Lakini hayo si kitu. Kibaya ni wachoma makala. Kila lori la makala likitoka upande wa Mutshatsha, kuna mmoja atakayeshuka juu ya magunia, mweusi usoni, aniulize kwa adabu, "Weye njo Tata Profesa? Mama Kapend anasema utusemee." Basi naacha ndoo yangu, naanza. Wakati mwingine mara mbili kwa siku. Nikiruka kitu, wananirudisha, kwa sababu yeye amewaambia yote. Nilijaribu kuhama. Makala yanafika kila mahali.

Nawe umesikia sasa. Usimpe mtu jina la kitu usichokijua, hata kwa mzaha. Na kama kuna neno unalolijua, linaloweza kumwokoa mtu, usingoje kesho ili ulipambe au upate ujasiri. Liseme leo, uchi, na matope kichwani, wakati mtu wako bado yuko juu ya ardhi. Mimi nilikuwa na siku nane. Na yule mama anazidi kuzeeka kule Mutshatsha, na kila jioni, wanasema, huwauliza wanaorudi kama nilipofika pale pa kugonga nililia. Ukipita kule, mwambie nililia. Mwambie kulia kwangu hakusaidii kitu.